Niliyoyaona Nilipomwosha Binti Yangu

Mkwe wangu alimwua binti yangu kwa mikono yake, na Mahakama Kuu ikamtia hatiani, ila si kwa kosa nililolitaka mimi. Hilo nalisema mwanzoni ili mtu asisome akidhani kuna mahali mbele nitalainika. Wajukuu wa jirani huniambia, haboba, maana kwetu bibi huitwa hivyo, andika mambo mazuri, umri umekwenda. Mambo mazuri wayaandike waliotendewa mazuri.

Sisi ni Wanubi. Babu zetu waliletwa Uganda na Waingereza kutoka Sudani wakiwa askari, nasi tukabaki na dini yetu, mikate yetu na maneno ya watu juu yetu. Serikali mpya ilipoingia baada ya vita, kila Mnubi alionekana kama ana ndugu katika jeshi lililokimbia, na kusema kweli wengi tulikuwa nao. Basi hapa mtaani kwetu Namuwongo tukajifunza kuishi kimya kimya. Mtu akiibiwa, wazee. Mke akipigwa, wazee. Polisi hatuendi, tusije tukaulizwa na yale tusiyoyajua.

Mimi nilikuwa mjane tayari. Nilikaa barazani nikisuka vifuniko vya sahani kwa ukindu wa rangi, na binti yangu wa pekee akaja kuposwa na kijana wa kwetu, muuza vipuri vya magari, mwenye nyumba ya kupanga mteremkoni Mbuya. Sakafu ilikuwa ya vigae. Nilifurahia vile vigae. Kaka yangu, aliyekuwa mkubwa wa familia baada ya mume wangu kufariki, alikubali mahari, tukala, tukacheza ngoma zetu, akaolewa.

Mumewe alimpiga. Si mara moja. Akija kwangu na mtoto mgongoni, kaka yangu alimkalisha chini, akampa maneno matamu ya dini, kisha akamrudisha mwenyewe Mbuya akiwa amemshikia begi. Mara ya mwisho binti yangu aliniangalia mlangoni, akasema, "Mama, mjomba anajua njia ya kwangu kuliko mimi." Tulicheka. Ndiyo kicheko chake cha mwisho nilichokisikia.

Asubuhi moja alinijia shangazi wa yule mwanamume, mama mtu mzima aliyemlea, amejitanda mpaka kwenye macho. Akakaa chini bila kukaribishwa.

"Dada, Mungu ametoa, Mungu ametwaa."

"Nani?"

"Aliteleza bafuni. Sabuni. Kichwa kilipiga pale kwenye ukingo."

Nilipofika Mbuya, wanaume walikuwa wameshatuma watu wa kuchimba kaburi. Sisi hatukawizi maiti. Amekufa usiku, azikwe kabla ya alasiri. Hakuna aliyefikiria daktari, hata mimi. Kwa Mnubi daktari ni wa mgonjwa. Jeneza la msikiti lilikuwa limeshaegemezwa ukutani, na mkwe wangu amekaa kwenye mkeka kati ya wanaume, kichwa chini, watu wanamshika bega.

Nikasema nitamwosha mwenyewe. Ni haki ya mama. Nilikuwa nimeosha maiti za wanawake wa mtaani kwetu tangu nikiwa na nguvu, kwa hiyo hakuna aliyenipinga. Tukaingia nyuma ya pazia, mimi na yule shangazi, ndoo za maji, sabuni, kafuri na pamba.

Alikuwa amesukwa nywele wiki ile ile. Maiti ya mwanamke hufumuliwa nywele, basi nikakaa kichwani kwake, nikaanza kufumua. Kila nikigeuza kichwa kiligeuka kwa urahisi ambao haukunipendeza. Nikainua kidevu nisugue shingo. Chini ya taya kulikuwa na alama, mstari wa vidole upande huu, na upande ule moja pana ya dole gumba. Nikaweka vidole vyangu juu yake. Havikujaa. Ilikuwa alama ya mkono mkubwa kuliko wangu.

Nikainua macho. Shangazi alikuwa ananitazama.

"Mwaga maji, dada," akasema.

"Unaona hapa?"

"Tunaosha. Hatukagui."

Kila mwoshaji wa Kiislamu anaijua adabu hiyo. Ukiona kovu, ukiona ugonjwa, ukiona jambo la aibu mwilini, unalifunika hapo hapo na hulitoi nje maisha yako yote. Yeye aliigeuza adabu ile ikawa kufuli. Na mwanangu alikuwa pale mbele yangu, nusu ameoshwa, maji yanamtiririka, nikamalizia kumwosha. Upande wa kulia, upande wa kushoto, maji ya kafuri mwisho. Nikamvika sanda. Wanaume wakambeba. Nikarudi Namuwongo na mtoto wake mdogo ameng'ang'ania gauni langu.

Siku ya khitma, watu walipomaliza kusoma na kula wakaondoka, nikamwita kaka yangu chumbani.

"Amenyongwa."

Akafunga mlango. "Nani kakuambia?"

"Shingo yake."

"Dada, acha. Huyu ni kijana wetu. Unataka serikali hii ije ichimbe mambo ya Wanubi? Leo watauliza binti, kesho watauliza nilikuwa wapi mimi mwaka fulani. Tuite wazee wake, tumalize."

"Tumalize nini? Si ameshammaliza?"

"Wewe una hasira."

"Ndiyo. Na wewe ndiye uliyemshikia begi."

Akafungua mlango, akatoka. Kesho yake nikavaa vizuri, nikaenda polisi. Alinipokea afisa wa makamo, Kiswahili chake cha kambini, kifupi, kinauma.

"Mama, mwili iko wapi?"

"Kaburini."

"Daktari alipima?"

"Hapana. Tulizika."

Akaweka kalamu chini. "Nyinyi watu mnazika haraka kama mnaficha mwizi. Sasa mimi nitashika mtu na nini? Na maneno yako?" Kisha akaniangalia kidogo, sauti ikashuka. "Iko njia moja. Hakimu anatoa amri, tunafukua. Wewe mzazi, utakubali?"

Nilikubali kabla hajamaliza. Nilipotoka pale nikakaa kwenye ngazi za kituo kama mlevi.

Mtaa mzima ulinigeuka. Kufukua maiti ya Mwislamu, aliyeoshwa, akaswaliwa, akalazwa kuelekea kibla! Imamu alikataa kuja. Wanawake niliowaoshea mama zao walihamia upande wa pili wa njia wakiniona. Mmoja alinirushia neno nikiwa kisimani: "Utamwosha tena, au safari hii utamkaanga?" Nikamwambia, "Wewe ukifa nitakuosha kwa maji ya moto, nione kama utalalamika." Nilijaza ndoo yangu.

Amri ya hakimu ilipotoka, nilikwenda makaburini na sanda mpya chini ya kwapa. Walizungushia turubai. Sitaandika nilichokiona, hiyo ndiyo sehemu ninayoifunika, na nitaifunika mpaka mwisho. Daktari alifanya kazi yake kwa heshima. Alipotoka, akavua glovu, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba kuna kamfupa ndani ya koo, na kamevunjika, na kuteleza kwa sabuni hakukafikii. Nikamvika binti yangu sanda mpya, tukamrudisha. Jioni ile ile mkwe wangu alikamatwa dukani kwake.

Kesi ya mauaji haisikilizwi na hakimu mdogo. Huyo kazi yake ni kuipeleka juu tu, kisha mnangoja kikao cha Mahakama Kuu. Tuliingoja kwa muda mrefu, yeye rumande, mimi barazani na ukindu wangu. Katika kungoja huko wazee wake walileta ng'ombe dume kwa kaka yangu. Kwetu, familia ya aliyeua na familia ya aliyeuawa wakila nyama ya ng'ombe mmoja, damu imefungwa, hakuna tena wa kudai. Kaka yangu akapokea. Wakachinja. Nilitumiwa sinia mpaka nyumbani, limefunikwa kwa kifuniko nilichokisuka mimi mwenyewe. Sinia nikawaachia mbwa wa njia ya reli. Kifuniko nikakichukua, kilikuwa changu.

Siku ilipofika, nilikaa nje kwenye benchi, maana shahidi haruhusiwi kusikia wenzake kabla hajasema yake. Ndani ya Mahakama Kuu jaji hukaa na watu wawili wa kawaida, wazee wa baraza, wanaosikiliza kila neno na mwisho kumpa ushauri. Safari ile walikuwa mwanamume mwalimu na mwanamke wa makamo aliyevaa gomesi ya kijani, lile gauni refu la mabega yaliyochongoka. Mkwe wangu yuko kizimbani, amenenepa. Hilo lilinikera sana. Niliapa kwa Kurani, mkalimani akasimama kando yangu akigeuza Kiswahili changu kuwa Kiingereza.

Nilieleza yote. Halafu akainuka wakili wa mkwe wangu, kijana mwenye miwani, mpole kama muuza dawa.

"Mama, wewe ni daktari?"

"Hapana."

"Ulisoma mpaka wapi?"

"Kurani, na shule kidogo nikaacha."

"Uliona alama shingoni, ukaendelea kuosha?"

"Niliendelea."

"Ukavisha sanda? Ukawaacha wakazike?"

"Ndiyo."

"Mama gani anayeona mwanawe ameuawa akanyamaza?"

"Alikuwa uchi mbele yangu. Ningempigia nani kelele aje kumtazama?"

Akageuza karatasi. "Unamchukia mshtakiwa?"

"Sana."

"Ungependa anyongwe?"

"Ningependa nishike kamba."

Mkalimani alisita, akamtazama jaji, jaji akamwashiria aseme. Watu wakaguna. Wakili wa serikali, dada mmoja aliyekuwa ananitetea, aliinamisha kichwa. Wakati wa mapumziko alinifuata kwenye korido.

"Mama, umeniharibia! Sasa watasema ushahidi wako ni wa kisasi. Ungesema tu humchukii."

"Nimetoka kushika Kurani, mwanangu. Ulitaka nishike nini ndipo niseme kweli?"

Akacheka bila kutaka, akaniletea soda.

Upande wa mkwe wangu wakamleta shangazi. Nami sasa nilikuwa ndani, nimekaa mstari wa mbele makusudi. Akaapa. Hakunitazama. Akasema marehemu alioshwa vizuri na yeye hakuona alama yoyote. Wakili wa serikali akasimama.

"Hukuona, au hukutazama?"

"Mimi niliosha. Sikukagua."

"Swali langu ni shingo. Unaweza kuapa kwamba shingoni hakukuwa na kitu?"

Feni ya juu ilikuwa inalia.

"Kwetu mwoshaji hasemi," akajibu.

Jaji akainua kichwa. "Mama, hapa mahakama inauliza. Kulikuwa na kitu, au hakukuwa?"

"Sikukagua, bwana jaji."

Nilimwona jaji anaandika kwa muda uliozidi urefu wa jibu lile. Nami nilijua, hata kabla ya mtu kunifasiria. Yule mama angeweza kusema shingo ilikuwa safi na kila kitu kikaishia pale. Aliogopa kiapo. Alikuwa tayari kumficha mtoto wake, lakini si mpaka hapo.

Wakili wao alikuwa na kisa kingine: kwamba uzito wa udongo, au majembe ya wafukuaji, ndiyo yaliyovunja kale kamfupa. Daktari akaulizwa sana. Akasema majembe hayakufika mwilini, na nyama ya pale ilikuwa imevilia damu, na maiti aliyezikwa havilii damu. Mkwe wangu naye alisema maneno yake bila kuapa, sheria inamruhusu, kwamba walibishana kidogo, mkewe akaenda kuoga, yeye akasikia kishindo. Akalia. Alilia vizuri.

Wazee wa baraza wakatoa ushauri. Mwalimu alisema ana mashaka, mshtakiwa aachiwe. Yule wa gomesi ya kijani akasema, "Ameua, na alijua anachofanya. Shingo haishikwi kwa bahati mbaya." Ningeweza kumwita dada tangu siku ile, na sijui hata anakaa wapi.

Hukumu ilisomwa na jaji asubuhi nzima. Mkalimani alininong'oneza vipande vipande. Jaji alisema chuki yangu ameiona, na kwa sababu hiyo hakuyachukua maneno yangu peke yake. Aliyaweka kando ya mfupa wa daktari, na kando ya ulimi wa shangazi ulioshindwa kukana. Vyote vitatu vikaelekea upande mmoja. Mtu huyu ndiye aliyemkaba. Nikafumba macho.

Akaendelea. Je, alikusudia kuua? Jirani alishuhudia kwamba walisikika wakigombana, na kwamba huyu huyu alitoka mbio kugonga mlango akiomba gari la kumpeleka hospitali. Anayekusudia kuua, akasema jaji, huenda asitafute gari. Hapo pana shaka, na shaka kisheria ni ya mshtakiwa. Hatia: kuua bila kukusudia.

Naifahamu sheria hiyo. Nimeelezwa mara nyingi na watu wenye subira. Bado siikubali. Mtu akikaba mpaka kamfupa kale kakavunjika, mkono wake umepata nafasi ya kutosha ya kufikiri. Kukimbilia gari baadaye ni kuogopa, si kupenda.

Ikabaki adhabu. Kwa kosa hilo jaji ana uwanja, anaweza kutoa kifungo kirefu au akamwacha mtu aende zake kwa muda aliokwisha kukaa rumande. Wakili wa miwani akasimama akiwa mchangamfu. Mteja wake ana mtoto mdogo wa kulea. Isitoshe, familia hizi mbili ni za kabila moja na dini moja, na zimeshapatana kwa mila yao, ng'ombe amechinjwa, wamekula pamoja. Mkubwa wa familia ya marehemu yuko hapa.

Kaka yangu akasimama, kofia mkononi. "Ni kweli, bwana jaji. Tumesamehe."

Nikasimama. Sikuitwa. Askari akaja kunikalisha, nikamwambia, "Nishike, basi, mbele ya watu." Akasita. Jaji akauliza mama huyu anataka nini. Wakili wa serikali akasema haraka haraka kwamba ni mzazi, asikilizwe.

"Sema," jaji akasema.

"Waliokula ng'ombe wamsamehe kwa ng'ombe wao. Mimi sikula. Nilimzaa, nikamwosha, nikamfukua, nikamvika tena. Hakuna aliyekuja kuniuliza mimi. Sijasamehe, na mtoto anayemtaja ninamlea mimi."

"Sista wangu ana uchungu, bwana jaji," kaka yangu akasema.

"Wewe kaa chini," nikamwambia. Sijawahi kumwambia hivyo mbele ya mtu, na yeye alikaa.

Jaji aliuliza swali moja tu, kama nilishiriki mapatano yale kwa namna yoyote. Nikasema sikushiriki hata kwa kulamba mchuzi. Akasema, basi mahakama haiwezi kuhesabu mapatano ambayo mama mzazi hayumo. Akatoa kifungo kirefu, kifupi kuliko nilichokitaka, lakini kirefu kuliko walichokuja nacho mfukoni. Nilimsikia mkwe wangu akivuta pumzi kizimbani. Pumzi ile ninaikumbuka. Inanisaidia nikikosa usingizi.

Sasa ametoka. Kifungo humalizika, ndiyo kazi yake. Amerudi Mbuya, ana ndevu nyeupe, anaswali safu ya mbele. Mjukuu wangu ni mwanamke mzima, huenda kumsalimia sikukuu, wala sijamkataza.

Lakini mwanamume huyu anataka kuoa. Na kwetu kabla ya kutoa binti, watu huuliza: ametoka wapi, alikaaje na wa kwanza? Mara nyingi wazee wake huwajibu kwamba mke wa kwanza aliteleza bafuni. Basi nikisikia anaposa mahali, mimi huvaa, nikaenda.

Juzi juzi nilikwenda Kalerwe, kwa mama mmoja anayeuza nyanya pale sokoni. Nilinunua fungu kwanza, kwa adabu.

"Nyabo," nikamwita, ndivyo Waganda wanavyomwita mama kwa heshima, "nasikia una harusi nyumbani."

"Inshallah. Umejuaje, haboba?"

"Mimi ni mama wa mke wake wa kwanza. Nilimwosha mwenyewe. Nikuambie nilichokiona?"

Aliacha kupanga nyanya. Nikamwambia yote, shingo, vidole, dole gumba. Nikamwekea mkono wangu pale chini ya taya ili aelewe upana. Alipauka.

Mjukuu wangu alikuwa amenisindikiza. Tukiondoka akasema taratibu, "Haboba, ametumikia. Mahakama ilimaliza. Ni baba yangu huyo, atazeeka peke yake."

"Azeeke."

"Mpaka lini utafanya hivi?"

"Wewe angalia magari, tuvuke."

Posa ile ilivunjika kabla ya Ijumaa. Sasa nasikia ameelekezwa kwa mjane mmoja upande wa Kibuli. Sijui nyumba yenyewe bado. Nimeshaanza kuulizia.